Kongwa si jibu la kila swali

Serikali ikitangaza mradi wowote mkubwa wa kilimo mkoani Dodoma, haipiti wiki kabla mtu hajatamka "Kongwa". Akishatamka, hana haja ya kueleza. Anayesikiliza anajua habari yenyewe: Waingereza walikuja na matrekta baada ya Vita Kuu ya Pili, wakataka kulima karanga kwa maelfu ya ekari, wakapoteza mamilioni ya pauni, wakafungasha virago. Mwaka 2023 mpango wa mashamba ya pamoja ya vijana, ule unaojulikana kama BBT, ulipoanza Chinangali na Ndogowe, neno hilo lilizunguka upya kwenye vijiwe vya kahawa na makundi ya WhatsApp. Yaleyale ya Kongwa, watu wakasema.

Mimi si mtetezi wa BBT wala si mpinzani wake. Kinachonikera ni jinsi neno moja linavyofunga mjadala ambao ndio kwanza ulipaswa kuanza. Siasa zetu zimejaa maneno ya namna hiyo: huyu ni Sokoine mpya, yule ni Mrema wa pili, tukifanya hivi tutakuwa kama Libya, tukifanya vile tutakuwa kama Kenya. Kila mfano una chembe ya ukweli, ndiyo maana unanasa. Lakini unapofika masikioni mwako unakuwa umeshachagua kitakachotazamwa na kitakachoachwa, na mara nyingi kilichoachwa ndicho kilichokuwa na uzito.

Tuanze na Kongwa yenyewe, maana wengi wanaoitaja wanaijua kwa jina tu.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini haina mafuta ya kutosha ya kula. Mgao wa chakula ulikuwa unaendelea kana kwamba vita havijaisha. Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, akapeleka wazo serikalini kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Ukatumwa ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ulizunguka kwa wiki chache, ardhi nyingine ukiitazama kutoka angani, ukarudi na pendekezo la kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Januari 1951 mpango ukafutwa, na hasara iliyoandikwa ilikuwa kama pauni milioni 36.

Kilichotokea katikati kinajulikana vizuri. Matrekta yalikuwa ya mitumba, masalia ya vita, mengine yametolewa Ufilipino, na mengi yaliharibika mapema. Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi iliyovunja majembe ya mashine. Vifaru vya kivita aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Reli ya kati na bandari ya Dar es Salaam hazikuweza kubeba mzigo wote ule kwa wakati mmoja. Kisha likaja jambo ambalo mkulima yeyote wa Mpwapwa angewaambia bila malipo: karanga hukomaa chini ya ardhi. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na kiangazi kikiingia hushikana ukawa mgumu kabisa. Ukishaganda hivyo, unashika shina la karanga, linakatika mkononi, na karanga zinabaki zimefungiwa ardhini. Mashine ya kuvunia nayo inapita juu ikitimua vumbi. Mvua za Dodoma, ambazo kwa mwaka hazizidi sana milimita 600 na hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, nazo hazikuwahurumia.

Lakini kuna jambo linalosemwa kwa nadra. Waliopanga shamba la karanga nao walikuwa wanaongozwa na mfano wa historia. Walikuwa wametoka vitani na kuona majeshi makubwa yakisafirishwa, madaraja yakijengwa kwa siku chache, viwanja vya ndege vikifyekwa msituni. Wakajiambia kwamba kama nguvu zile zilimshinda Hitler, zitashindwaje kufyeka kichaka cha Ugogo? Wafanyakazi wengi walikuwa wanajeshi wastaafu, na wenyewe waliitwa jeshi la karanga. Mpango ulikuwa na tarehe na malengo ya ekari kama ramani ya mashambulizi. Kitu pekee ambacho mfano wa vita haukuwa nacho ni shamba la majaribio. Vitani huwezi kumjaribu adui kwa ekari tano kwanza uone anavyoota. Kwenye kilimo unaweza, na ndicho walichoruka.

Basi tazama kinachotokea leo mtu akisema Kongwa. Mmoja anamaanisha kwamba wageni hawaijui ardhi yetu. Mwingine anamaanisha kwamba kilimo cha mashine hakifai Afrika. Wa tatu anasema serikali haiwezi kulima. Wa nne, na huyu ndiye wengi wanamwamini, anasema Dodoma ni jangwa, haioti kitu. Hizi ni hoja nne tofauti zilizovaa jina moja, na ya mwisho haisimami hata kidogo: wakulima wadogo wa mkoa huu wanalima karanga mpaka leo, na wilaya hiyohiyo ya Kongwa ndiyo yenye soko la Kibaigwa, moja ya masoko makubwa ya mahindi nchini. Malori yanayopakia pale usiku hayajui kwamba ardhi hii ilishindwa.

Ukiuchukua mfano wa Kongwa na kuupeleka Chinangali bila kuuchunguza, unabeba vitu visivyokuwepo. BBT si ya Waingereza, haina ukubwa ule, inategemea umwagiliaji, na inagawa vitalu kwa vijana wenyewe. Lakini ukiusukuma mfano huohuo ndani zaidi, ukauliza Kongwa ilikufaje badala ya kuuliza nani alikuwepo, ndipo unapopata kitu cha kufanyia kazi. Dalili za kushindwa zilionekana wazi mapema, tangu msimu wa kwanza. Mpango ukaendelea miaka mitatu zaidi kwa sababu Waziri wa Chakula, John Strachey, na serikali yake walikuwa wameshaahidi mbele ya Bunge la London. Habari kutoka shambani ilikuwa inafika, ila ilikuwa haina pa kutua. Hilo ndilo la kuuliza Chinangali: kijana aliyepewa kitalu akiona gharama ya kusukuma maji inazidi mauzo ya alizeti, anamwambia nani, na huyo akiambiwa ana mamlaka ya kubadilisha nini? Swali hilo halina uhusiano wowote na karanga.

Wahenga wetu waliacha methali mbili zinazovutana kuhusu jambo hili. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ya kwanza inakutaka ujifunze kwa yaliyompata mwingine, ya pili inakuonya kwamba kuumwa kunaharibu macho. Watu wanaopenda mifano ya historia huipenda ya kwanza na kuisahau ya pili.

Mfano maarufu zaidi wa ung'ongo katika karne iliyopita ni wa Waziri Mkuu wa Uingereza, Anthony Eden. Kizazi chake kiliumwa mwaka 1938, viongozi wa Ulaya walipompa Hitler sehemu ya Chekoslovakia mjini Munich wakidhani atatosheka. Mwaka 1956 Gamal Abdel Nasser alipotaifisha Mfereji wa Suez, Eden akamwona dikteta yuleyule amerudi, akaamini kwamba safari hii lazima apigwe mapema. Uingereza, Ufaransa na Israeli wakaishambulia Misri. Marekani ikakataa kuwaunga mkono, pauni ikayumba, majeshi yakaondoka, na Januari 1957 Eden akajiuzulu. Nasser alikuwa na mengi ya kulaumiwa kwayo, lakini hakuwa na jeshi la kuiteka Ulaya wala nia hiyo. Alikuwa na mfereji unaopita ndani ya nchi yake. Mfano wa Munich ulimwonyesha Eden sura ya mtu, ukamficha hesabu ya pesa na ya marafiki.

Turudi nyumbani, kwa jina linalotajwa Dodoma kuliko yote kwa heshima.

Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984, Dakawa mkoani Morogoro, akiwa njiani kutoka hapa Dodoma bungeni kwenda Dar es Salaam. Alikuwa Waziri Mkuu. Mwaka mmoja kabla, 1983, alikuwa ameongoza msako wa wahujumu uchumi. Tangu hapo kila kiongozi mkali huitwa Sokoine. Edward Lowassa aliitwa hivyo, naye akitokea Monduli kama Sokoine mwenyewe. John Magufuli aliitwa hivyo alipoanza kutumbua majipu. Kumbuka kwamba mwaka 2015 hao wawili walikuwa wanagombea urais wakipingana. Jina lililowatosha wote wawili kwa wakati mmoja halikuwa linampima yeyote kati yao. Lilikuwa linaeleza kiu ya waliolitamka.

Nilisikia jina hilo kwa karibu mwaka 2016, sukari ilipoadimika. Ilikuwa dukani Majengo. Mzee mmoja wa Chang'ombe alikuwa ameshika mfuko mtupu, anamwangalia muuza duka kwa macho ya kushtaki.

"Mwanangu, haya mimi niliyaona mwaka 1983. Sukari haipotei, inafichwa. Sokoine angekuwepo ungeitoa."

Muuza duka, kijana wa makamo, hakukasirika. "Shikamoo mzee wangu. Serikali inasema niuze kilo shilingi 1,800. Mimi mwenyewe kwa jumla nauziwa zaidi ya hapo. Niambie wewe, niinunue wapi ili nikuuzie?"

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema vilevile kwamba Sokoine angeitoa.

Nimewahi kuurudia ubishi huo mara nyingi kichwani kwa sababu mzee yule alikuwa sahihi na hakuwa sahihi, vyote kwa pamoja. Mwaka 1983 nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, fedha za kigeni zilikuwa zimekauka, viwanda vilizalisha chini ya uwezo wake. Bei za bidhaa zilipangwa na Tume ya Bei. Ukichanganya bidhaa chache na bei isiyoruhusiwa kupanda, unapata foleni mbele ya duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa iliyokuwa ya serikali, na ulanguzi nyuma yake. Msako uliwanasa walanguzi wa kweli na wasiohusika, watu wakatupa mali porini usiku kwa hofu, lakini rafu za maduka hazikujaa kwa sababu ya msako. Zilianza kujaa pale serikali ilipowaruhusu watu mwaka 1984 kuingiza bidhaa kwa fedha zao za nje bila kuulizwa wamezipata wapi, na baadaye chini ya Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, mwaka 1986 makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalipofungua biashara zaidi.

Mwaka 2016 uchumi ulikuwa mwingine kabisa. Wafanyabiashara binafsi walikuwa kila mahali, fedha za kigeni zinabadilishwa barabarani. Ila kwenye kona moja ndogo, ile ya sukari, uagizaji ulikuwa umebanwa mwanzoni mwa mwaka, uzalishaji wa ndani haukidhi mahitaji, na bei ilikuwa imewekewa kikomo. Kwa hiyo kwenye kona hiyo mambo ya 1983 yalikuwa yamejirudia kweli. Mfano wa mzee ulifaa. Haukufaa kwa funzo alilolitaka yeye, la kumpata mtu mkali. Ulifaa kwa funzo alilolisema muuza duka bila kujua kwamba naye anazungumzia historia. Mfano mmoja, matukio mawili yaleyale, na mafunzo yanayokwenda pande tofauti. Anayeleta mfano mara nyingi hushindwa hapa: anathibitisha kufanana, kisha anajitwalia hitimisho kama posho.

Kuna hali nyingine inayodanganya zaidi, pale mfano unapotabiri sawasawa. Lowassa alipohamia Chadema Julai 2015, waliokuwa na kumbukumbu wakasema ni Mrema wa pili. Augustine Mrema naye alikuwa mzito serikalini, Naibu Waziri Mkuu, akatoka CCM mwaka wa uchaguzi, 1995, akagombea kwa NCCR-Mageuzi. Umati ulilisukuma gari lake kwa mikono. Akashindwa. Lowassa naye akavuta umati, naye akashindwa, na mwaka 2019 akarudi CCM. Waliosema wakatamba.

Lakini tazama tarakimu. Mwaka 1995 Benjamin Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8, na zilizobaki wakagawana Ibrahim Lipumba na John Cheyo. Mwaka 2015 Magufuli alipata asilimia 58.5 na Lowassa karibu 40. Mwaka 1995 upinzani uliingia na wagombea watatu. Mwaka 2015 vyama vinne vya muungano wa UKAWA vilisimama na mmoja. Kura za CCM hazikupungua sana kati ya chaguzi hizo mbili, za mpinzani mkuu zikaongezeka sana, maana yake upinzani ulijikusanya zaidi kuliko ulivyokua. Hilo ndilo jambo la kuvutia kuhusu 2015, na mfano wa Mrema hauwezi kukuonyesha kwa sababu umeridhika na neno moja: alishindwa. Ukitabiri sawasawa kwa sababu isiyo sahihi, huna sababu ya kuangalia tena.

Mifano haisafiri kwenye wakati tu, husafiri pia kwenye nchi. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 ilizaliwa na mambo ya hapa. Ukame na njaa vilikuwa vimeupiga mkoa, Wagogo walikuwa wakiishi kwenye matembe yaliyotawanyika, na kupeleka chakula, zahanati au shule kwa kaya zilizo mbalimbali kulikuwa kazi ngumu. Kuwakusanya vijijini kulikuwa na mantiki yake, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alifanya kazi na wanakijiji wa Chamwino. Kisha operesheni ikawa kielelezo. Ikaja Kigoma, na Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Kilichowezekana Dodoma kikachukuliwa kuwa kinawezekana popote, ilhali hata Dodoma kwenyewe hesabu haikuwa imefungwa. Mgogo alitawanyika kwa sababu ng'ombe wake walihitaji kutawanyika. Alipokusanywa, ng'ombe walikusanyika naye, na ardhi kuzunguka vijiji ikachoka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka huohuo wa 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka. Mmomonyoko wa Kondoa ni wa zamani kuliko vijiji vya ujamaa, sitaki kuwabebesha vijiji lawama yote. Ila mfano ulikwenda mikoani kabla ya majibu kurudi.

Mfano wa jirani nao una tabia yake. Kwa miaka mingi, kila msimu wa uchaguzi, tumeambiwa tutazame Kenya ya 2007 na 2008, ambako zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Wengine huitaja Rwanda ya 1994, wengine Libya baada ya Gaddafi. Nia inaweza kuwa njema. Lakini mfano huo huchukua moto na kuacha kuni. Machafuko ya Kenya yalikuwa na historia ndefu ya ardhi Bonde la Ufa, na matokeo ya urais yaliyotangazwa katika mazingira ambayo hata mwenyekiti wa tume alisema hajui nani ameshinda. Ukiondoa hayo, kinachobaki ni onyo la jumla dhidi ya kelele, na onyo la jumla linaweza kuelekezwa kwa yeyote: anayechoma matairi, na pia anayeuliza tu fomu za matokeo ziko wapi.

Tena mfano wa jirani ulitusahaulisha wa kwetu. Januari 2001 watu waliuawa Zanzibar, wengi wao Pemba, katika maandamano ya kudai uchaguzi urudiwe. Kilichofuata kilikuwa mwafaka wa Oktoba mwaka huo, uchaguzi mwingine wenye mgogoro, na hatimaye kura ya maoni ya 2010 iliyoleta serikali ya umoja wa kitaifa. Hiyo ni historia yetu wenyewe, ina mwanzo na ina hatua zilizochukuliwa. Lakini mtu akitaka kueleza hatari ya uchaguzi, alikuwa anakimbilia Eldoret, Kenya.

Siku ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata, vurugu na vifo vilitokea katika miji kadhaa nchini, intaneti ikazimwa, na idadi ya waliofariki ikawa jambo la mabishano. Mifano ikaanza kushindana hapohapo. Anayesema ni Kenya ya 2007 anataka tuone hatari ya nchi kugawanyika. Anayesema ni vijana wa Kenya wa 2024, wale wa Gen Z, anataka tuone kizazi kilichochoka. Anayesema ni Zanzibar ya 2001 anataka mazungumzo na uchunguzi. Sioni sababu ya kuchagua mmoja na kumfukuza mwingine. Ila kila mmoja wao ana deni la kujibu: mfano wako unatabiri nini ambacho tunaweza kwenda kukiangalia? Kama ni kizazi, basi umri wa waliojitokeza na walichodai vitaonekana. Kama ni mgawanyiko wa jamii, tutaona majirani wakigeukiana, siyo raia na vyombo vya dola. Mfano usiokubali kukaguliwa hivyo ni kauli ya kisiasa tu, na una haki zote za kauli ya kisiasa, ila usipewe kiti cha ushahidi.

Na kuna historia ambayo haihitaji mfano kabisa. Nitaje moja inayotugusa wakazi wa jiji hili.

TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma. Zaidi ya miaka 40 ikapita. Mtu aliyeishi hapa miaka ya 1990 au 2000 alikuwa na kila sababu ya kusema haitawezekana, kwa kuwa haikuwezekana jana, juzi wala mwaka juzi. Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali inahamia, wengi walicheka chinichini. Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia, Desemba 2017 akaja Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, Mtumba, eneo la mji wa serikali, ikaota majengo ya wizara. Sasa mifano imegeuka. Tunaambiwa tutazame Abuja, tutazame Brasília: miji mikuu iliyopandwa katikati ya nchi ikastawi.

Abuja ina bwawa la Usuma. Brasília ina ziwa Paranoá, walilolitengeneza kwa kuzuia mto. Dodoma kwa sehemu kubwa inakunywa maji ya ardhini ya bonde la Makutupora, visima vya Mzakwe, na idadi ya watu wa jiji imepanda kutoka kama 411,000 katika sensa ya 2012 hadi kama 765,000 katika sensa ya 2022. Kwa hili Abuja haina la kutufundisha. Kinachotufundisha ni vipimo vya kina cha maji vilivyoandikwa Makutupora kwa miongo, tangu miaka ya 1950, na watu waliokwenda na kamba ya kupimia bila kujua kwamba siku moja wizara zote zitakuja kunywa pale. Vipimo hivyo vinaonyesha kwamba bonde halijazwi na mvua za kawaida. Miaka mingi maji hushuka polepole, kisha inakuja mvua kubwa mno, mara nyingi ya mwaka wa El Niño kama 1997/98, na ndani ya msimu mmoja yanapanda sana. Maana yake jiji linaishi kwa akiba inayowekwa mara chache na kutolewa kila siku. Wanaopanga Dodoma ya watu milioni moja wanapaswa kusema pampu za Mzakwe zitavuta kiasi gani kati ya El Niño moja na nyingine, na bwawa la Farkwa, au bomba kutoka Ziwa Victoria, litaziba pengo hilo lini.